Fahamu Namna Kompyuta Inavyotafuta Programu Unapoandika Amri

Wasimamizi wengi wa mifumo ya kompyuta huandika amri kwa maneno badala ya kubofya alama kwenye kioo. Anayeandika ls katika Linux hupata orodha ya mafaili papo hapo, lakini ni wachache wanaojiuliza programu hiyo imetolewa wapi. Jibu lake lina uzito kiusalama, kwa kuwa programu mbili zaweza kuwa na jina moja, ya kwanza halali na ya pili ya mhalifu.

Katika Linux, programu inayopokea amri mara nyingi ni Bash. Bash haipekui diski nzima. Kwanza hutazama iwapo amri husika ni miongoni mwa zile zilizomo ndani yake yenyewe, mfano cd. Isipoiona, husoma orodha ya folda iitwayo PATH, kwa mfano:

/usr/local/bin:/usr/bin:/bin

Upekuzi huanzia kushoto kwenda kulia. Programu ya kwanza yenye jina hilo ndiyo inayoendeshwa, na folda zinazofuata hazifikiwi. Hivyo, mpangilio wa orodha ndio unaoamua.

Hatari hujitokeza pale mtumiaji anapoweka nukta mwanzoni mwa orodha. Nukta humaanisha folda aliyomo wakati huo. Mhalifu akiacha faili aliloliita ls katika folda inayotumiwa na watu wengi, msimamizi atakayeingia humo na kuandika ls ataendesha programu ya mhalifu kwa mamlaka yake mwenyewe. Ndiyo maana katika Linux, kwa kawaida, programu iliyo ndani ya folda uliyomo huendeshwa kwa kutanguliza alama ./ kabla ya jina lake.

Watumiaji wa Windows nao wachukue tahadhari. Command Prompt hutazama kwanza folda uliyomo, kisha PATH. PowerShell haifanyi hivyo.

Kujua ni programu ipi itakayoendeshwa, andika type -a katika Bash, au where katika Command Prompt, ukifuatisha jina la amri. Aidha, ondoa katika PATH nukta pamoja na folda yoyote ambayo kila mtu anaweza kuweka mafaili ndani yake.