Kutu Iliyofichwa

Mwaka 1971 Edgar Herrmann na mwenzake Hans Schüller walishinda mashindano ya East African Safari Rally kwa gari aina ya Datsun 240Z, na nafasi ya pili ikachukuliwa na Shekhar Mehta, dereva mzaliwa wa Uganda, akiwa na gari la aina hiyohiyo. Mwaka 1973 ikawa zamu ya Mehta mwenyewe. Akiwa na Lofty Drews ndani ya 240Z, alilingana alama na Harry Källström aliyeendesha Datsun ya aina nyingine, kisha akatangazwa mshindi. Bodi za magari yale zilivumilia mashimo, matope na vumbi la Afrika Mashariki kwa maelfu ya kilomita. Lakini 240Z nyingi ambazo hazikuwahi kuona barabara ya namna hiyo zilikufa kwa sababu ndogo kuliko hiyo, yaani maji yaliyokaa pasipopaswa kukaa. Zilizosalia, nyingi zimepitia mikononi mwa mafundi wawili watatu kabla ya kumfikia mwenye nazo wa leo. Mtu anayetaka kuirudisha mojawapo katika hali nzuri hugundua mapema kwamba kutu ni nusu tu ya kazi, tena nusu nyepesi. Nusu nzito ni yale waliyofanya mafundi wa zamani ili kutu isionekane.

Gari hili la spoti lilizinduliwa Japani Oktoba 1969, na lilipofika Marekani lilitangazwa kwa dola 3,526, bei nafuu sana kwa gari la spoti lenye injini ya silinda sita. Wamarekani walinunua zaidi ya 140,000 kabla halijampisha mrithi wake, 260Z. Bodi yake ilikuwa nyepesi, ya mabati membamba ambayo mengi hayafiki unene wa milimita moja, hayakupakwa zinki, na rangi haikufika vizuri ndani ya mikunjo ambako bati hukutana na bati. Hilo halikuwa kosa la Wajapani peke yao, maana magari ya Uingereza na Italia ya miaka ile yalioza vilevile. Jambo la kushika ni kwamba 240Z haina chasisi ya peke yake kama lori. Bodi ndiyo chasisi. Vizingiti vilivyo chini ya milango, reli mbili zinazopita chini ya sakafu na minara ya bati inayoshikilia shokapu ndivyo vinavyobeba injini, abiria na mtikisiko wote wa barabara. Kizingiti kikiliwa, kinachopungua si urembo bali uwezo wa gari zima kutopinda.

Na kutu huanza mahali macho yasipofika. Chuma kikipata maji na oksijeni hugeuka oksidi, na chumvi huharakisha kazi hiyo kwa sababu maji yenye chumvi hupitisha umeme vizuri kuliko maji matupu. Oksidi hiyo huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, kwa hiyo ikitokea kati ya mabati mawili yaliyoshikanishwa huyatanua na kuyakaribisha maji mengine. Katika 240Z mahali penyewe panajulikana kiasi kwamba fundi mzoefu anaweza kuandika orodha kabla hajaliona gari. Asidi ya betri hutiririka kutoka kwenye trei yake ikashuka hadi kwenye reli. Tope linalorushwa na tairi la mbele hujaa nyuma ya madigadi na kukaa humo na unyevu wake miezi mizima. Maji ya mvua yanayopaswa kutoka chini ya kioo cha mbele hukwama njia zake zikizibwa na majani, yakatafuta sakafu. Na huko sakafuni kiwanda kilibandika mikeka ya lami ya kupunguza kelele, ambayo ikipasuka kwa uzee hupitisha maji chini yake na kuyafungia humo. Mikeka hiyo ni sugu kubandua. Mafundi wa Marekani huiwekea barafu kavu mpaka ikakamae, kisha huivunja kwa nyundo, na pengine hiyo ndiyo saa pekee ya raha katika shughuli nzima.

Katika miaka ya 1980, 240Z ilikuwa gari kuukuu tu. Mwenye nayo aliona rangi imeumuka juu ya kizingiti, akaigusa kwa bisibisi ikaingia ndani. Kukata na kuchomelea bati jipya kungegharimu zaidi ya thamani ya gari lenyewe, kwa hiyo fundi alifanya aliloweza kwa fedha aliyopewa. Alijaza puti juu ya tundu. Au alibandika kitambaa cha faibaglasi na gundi yake juu ya kutu ileile, au akapigilia kipande cha bati kwa ribiti. Wengine walipulizia povu ndani ya kizingiti likagandia humo, na wengine wakachomelea kizingiti kipya juu ya kile kilichooza bila kukiondoa. Juu yake ikapigwa rangi nzuri, gari likauzwa. Siwalaumu sana mafundi wale, kwani walifanya kazi ya bei waliyolipwa. Lakini walichoacha nyuma si kazi nusu inayongoja kumaliziwa. Ni madhara mapya.

Puti ya plastiki huchanganywa na unga wa talki, nayo hunyonya maji. Ikiwekwa juu ya tundu badala ya bati zima, unyevu huipata kwa upande wa nyuma usio na rangi, na bati linalolizunguka tundu lile huoza kwa kasi huku uso wa nje ukiwa unang'aa. Faibaglasi haishiki kwenye kutu. Baada ya muda huachia kidogo, na pengo hilo huwa hifadhi ya maji. Kiraka kilicholazwa juu ya bati la zamani huunda mfuko wa tabaka mbili, ambao ndani yake rangi imeungua kwa moto wa kuchomelea na hakuna brashi inayoweza kufika. Povu hushika maji ndani ya kizingiti ambacho kiwanda kilikitoboa makusudi ili maji yatoke. Kibaya kuliko vyote ni kizingiti kilichochomelewa gari likiwa limeshalegea katikati, kwa sababu bodi hukazwa ikiwa imepinda. Mlango hukataa kufunga sawasawa, fundi anarefusha ukingo wake kwa puti mpaka mwanya uonekane umenyooka, na tangu hapo hakuna kipande kipya kitakachokaa mahali pake.

Wako watakaosema kwamba hapa puti inaonewa, na wana haki yao. Puti si udanganyifu kwa asili yake. Kabla haijaenea, viwanda vyenyewe vilijaza maungio ya bodi kwa risasi iliyoyeyushwa, na hata leo karakana bora kabisa hulainisha paneli kwa tabaka jembamba la puti, kwa sababu hakuna nyundo inayorudisha bati lililochomelewa likawa laini kama kioo. Ikiwa milimita mbili tatu juu ya chuma safi na kizima, imezibwa vizuri kwa praima, itadumu miaka mingi. Ninachokataa ni puti iliyopewa kazi ya bati. Tofauti ya matumizi hayo mawili haionekani kwa aliyesimama nje akitazama rangi, na ndiyo sababu gari la namna hii hukaguliwa kutoka chini na ndani. Sumaku ndogo iliyofungwa kwa kitambaa itashika hafifu palipojaa puti. Kipimo cha unene wa rangi, ambacho siku hizi si ghali, husoma mikroni 100 hadi 200 kwenye rangi ya kiwandani. Kikisoma zaidi ya 1,000 kuna kitu kingine chini yake. Fungua mlango polepole uone kama unashuka. Inua gari kwa jeki karibu na katikati, kisha tazama mwanya wa mlango: ukibadilika, vizingiti havifanyi kazi.

Matengenezo ya kweli basi huanza kwa kubomoa. Viti, mikeka, vioo, tangi la mafuta na betri vinatoka. Rangi na puti vinaondolewa mpaka chuma kionekane. Hata hapa pana mtego, kwani kupuliza mchanga kwa nguvu juu ya paneli pana kama boneti huipinda isirudi, na kulitumbukiza gari zima kwenye asidi huweza kuacha asidi ndani ya mikunjo ikaendelea kula baadaye. Kabla ya kukata kizingiti, fundi anachomelea vyuma vya kushikilia tundu la mlango, ili bodi isijikunje wala isitanuke vizingiti vikiwa nje. Kisha hukata, na hapa ndipo wengi hushindwa na huruma. Bati hukatwa mpaka palipo pazima, si mpaka tundu linapoishia, kwa kuwa bati lililobaki jembamba kama karatasi litatoboka mara moto ukiligusa. Kipande kipya cha unene uleule huwekwa ukingo kwa ukingo badala ya kulazwa juu, kikachomelewa kwa vidoti vilivyotawanywa huku na huko, kila kimoja kikipoa kwanza, maana moto wa mfululizo hukunja bati. Milango hurudishwa na kujaribiwa kabla ya kizingiti kumaliziwa. Mwisho wake maungio huzibwa, praima ya epoksi hupakwa, nta hupulizwa ndani ya kila chumba kilichofungwa, na matundu ya kutolea maji huachwa wazi. Bila nta hiyo, mgongo wa kila mshono utaanza kutu upya, kwa sababu kuchomelea kumeunguza kinga yote ya upande wa ndani.

Pingamizi kubwa zaidi ni fedha, nalo halijibiwi kwa maneno matamu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 tawi la Marekani la Nissan, kampuni iliyotengeneza magari ya Datsun, lenyewe lilijaribu kununua 240Z za zamani, kuzitengeneza upya na kuziuza kwa wateja; mpango ule ulisimama kabla ya kufika magari 50. Kama wenye jina la gari waliona kazi hiyo haiendeki kibiashara, mtu binafsi hawezi kutarajia muujiza. Lakini ni nini hasa kinachopandisha gharama? Bati la sakafu na la vizingiti vya 240Z hutengenezwa upya na kuuzwa leo, na si sehemu ya gharama inayotisha kuliko nyingine. Kinachomaliza fedha ni saa za fundi, na saa nyingi hupotelea kwenye kubandua faibaglasi, kukata viraka vitatu vilivyopandana na kutafuta mstari wa awali wa bodi ambayo mtu aliisogeza. Urekebishaji wa bei nafuu wa zamani haukupunguza deni, uliliahirisha tu na kuliongezea riba. Soko linaonekana kulielewa hilo. Januari 2020, 240Z ya mwaka 1971 iliyotembea maili 21,000 hivi na kutunzwa katika hali yake ya awali iliuzwa Marekani kwa dola 310,000. Bei hiyo ni ya kipekee, wala mwenye 240Z ya kawaida asiiote, lakini sehemu yake kubwa ililipiwa bati ambalo hakuna aliyelichezea.

Wengine huja na njia ya mkato ya dawa za kugeuza kutu, zenye asidi ya fosforiki au ya tanini. Dawa hizo zina kazi yake. Juu ya kutu ya usoni, chuma kikiwa bado kinene, hugeuza oksidi kuwa tabaka tulivu linaloweza kupakwa rangi. Haziwezi kurudisha unene uliopotea, na haziingii katikati ya mabati mawili yaliyobanana, ambako ndiko kutu ya 240Z inakoishi. Wapo pia wanaosema gari la zamani liachwe na makovu yake kwa kuwa ndiyo historia yake. Kwa rangi iliyofifia na kiti kilichochakaa nakubaliana nao kabisa. Hivyo ni bora kuliko mng'ao wa bandia. Ila reli iliyozibwa matundu kwa faibaglasi si historia ya kuhifadhiwa kwenye gari linaloingia barabarani na watu ndani yake. Kama ni lazima ihifadhiwe, ipigwe picha kisha ikatwe. Na picha zenyewe ni muhimu: karakana inayoheshimu kazi yake hupiga kila hatua, bati wazi kabla ya rangi, na kumkabidhi mwenye gari. Fundi anayekataa kuonyesha bati wazi amekwisha kujibu swali.

Haya hayawahusu wenye 240Z tu. Hewa ya chumvi ya Mombasa, Tanga au Unguja hufanya kwa mwaka mzima kile ambacho chumvi ya kuyeyusha theluji hufanya Marekani ya kaskazini wakati wa baridi, na gari lililopigwa rangi upya wiki moja kabla ya kuuzwa lina sababu zilezile za kutiliwa shaka. Kati ya gari linaloonyesha kutu yake waziwazi na jingine linalong'aa lisilo na picha hata moja ya matengenezo, chagua la kwanza, kwa sababu la kwanza unaweza kulipigia hesabu. Na mwenye fedha ya kazi moja tu mwaka huu ailipie vizingiti na reli. Rangi isubiri mwaka ujao.