Adui Nani Humu? Wahusika Wakinzani katika Filamu ya Maangamizi

Tunapojadili ukinzani wa wahusika darasani, mfano wa haraka huwa mwema na mbaya. Kwenye mabanda ya video ndiyo usiseme: stelingi na adui, basi. Mimi nimekulia Baleni, kisiwani Mafia, na nilijua kwamba stelingi hafi kabla sijasikia neno "mhusika mkuu".

Likizo moja nikawaonyesha watu wa nyumbani Maangamizi, filamu ya Martin Mhando na Ron Mulvihill ya mwaka 2001, ambayo ndiyo ya kwanza kupelekwa na Tanzania kuwania tuzo ya Oscar. Haikupita nusu saa binamu yangu akauliza, "Sasa adui nani humu?" Nikakosa jibu.

Wakinzani wenyewe ni wanawake wawili. Asira ni daktari, Mmarekani mweusi, aliyekuja kufanya kazi katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Samehe, anayeigizwa na Amandina Lihamba, msomi wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ni mgonjwa asiyetamka neno kwa miaka mingi. Mmoja ana elimu, cheo na maneno. Mwenziwe ana kimya tu. Hakuna anayemtakia mwingine ubaya. Lakini kila daktari anapoeleza, kimya cha mgonjwa kinatufanya tuyatilie shaka maelezo yake.

Hilo nililiona kwa njia ya ajabu kidogo. Filamu ina Kiingereza kingi, hivyo nilikuwa natafsiri, tena kwa kubabaika. Asira alihitaji mkalimani, Samehe hakuhitaji. Alipokaa tu bila kusema, ukumbi mzima ulitulia, hata watoto.

Ndipo shangazi akasema, "We mwanangu, mbona huyo daktari ndiye mgonjwa?" Na kweli: Samehe ndiye anayemfikisha Asira kwa bibi Maangamizi, na huko Asira anakutana na mizimu yake mwenyewe. Aliyekuja kutibu ndiye anayetibiwa.

Kwenye mtihani ningeandika "usasa dhidi ya jadi", na pengine ningepata maksi. Siku hizi naona huko ni kumrudisha stelingi na adui wake kwa mlango wa uani.

Binamu aliondoka kabla haijaisha. Shangazi aliniomba nirudishe nyuma, pale Samehe alipokaa kimya.