Mwezi wa Bluu Si wa Bluu: Wasee wa Thika na Ruiru, Shikeni Rada

Manze, usichezwe na zile picha za mwezi zimepakwa bluu kwa simu. Rangi itakuwa ile ile ya siku zote. Jina ni hesabu tu: mwezi hujaa kila baada ya siku 29.5 hivi, so ukijaa tarehe 1, unaweza jaa tena kabla kalenda igeuke.

Mei 2026 ni tarehe 1, Leba Dei, halafu 31, Jumapili, mkesha wa Madaraka. Kama uko Thika, giza likiingia panda juu ya ploti ucheki upande wa Kilimambogo. Msee wa Ruiru, cheki kulia kwa huo mlima.

Mawingu yakikuharibia, basi ngoja 31 Desemba 2028.