Picha Bila Maneno Yake: Tunapotumiana Picha za Wanyama, Nchi na Matembezi

Mwaka 1913, huko Avakubi katika msitu wa Ituri, James Chapin, mtaalamu wa ndege kutoka Marekani, alipata unyoya mmoja uliokuwa umechomekwa kwenye kofia. Hakumtambua ndege mwenye unyoya huo, akautunza. Mwaka 1936, miaka 23 baadaye, alipokuwa katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, aliona ndege wawili waliokaushwa wenye manyoya kama ule wake. Kibandiko chao kilisema kwamba ni tausi wachanga wa aina ya India. Haikuwa kweli. Walikuwa ndege wa misitu ya Kongo ambao sayansi haikuwa imewapa jina bado. Leo tunamwita tausi wa Kongo, Afropavo congensis, na ndiye tausi pekee wa asili ya Afrika.

Ndege hao hawakuwa wamefichwa. Waliowatazama walisoma kibandiko, wakaamini, wakapita. Makala haya yanaanza na kisa hicho kwa sababu kila mmoja wetu mwenye simu amekuwa mtunza makumbusho mdogo. Tunarudi kutoka matembezi ya Jumapili, tunachagua picha tano, tunazituma kwa jamaa na marafiki, na chini yake tunaandika neno moja au alama ya kicheko. Picha inaendelea na safari yake kutoka simu hadi simu, na maneno yale machache, au ukosefu wake, ndiyo yanayoamua itasomwaje. Hoja yetu ni hii: maelezo ya chini ya picha ni kazi ya lugha, na sisi wa kitivo cha lugha hatuna sababu ya kuyaandika vibaya.

Jina

Swali la kwanza la mtazamaji ni: hiki ni nini? Jibu lake si rahisi katika Kiswahili chetu. Kwa wasemaji wengi wa Kongo, neno « nyama » linataja mnyama aliye hai na pia kile kinachopikwa. Mtu wa Lubumbashi akiandika chini ya picha « Leo tumeona nyama tatu za pori », wenzake wanaelewa kwamba aliwaona wanyama watatu. Picha hiyo ikifika Kigoma, msomaji anaweza kufikiri habari ni ya mawindo. Hatusemi kwamba Kiswahili chetu kina kosa. Tunasema kwamba picha huvuka mpaka wa lahaja bila kuomba ruhusa, na jina la mnyama mwenyewe (swala, kiboko, nyani) linavuka salama kuliko neno la jumla.

Hata jina mahususi linaweza kuteleza. Mfano ni « sokwe ». Kamusi na wasemaji wengine hulitumia kwa mnyama ambaye Wafaransa humwita chimpanzé, wengine kwa gorila pia. Utata huo ni wa zamani: David Livingstone, alipokuwa Maniema mwanzoni mwa miaka ya 1870, aliandika katika shajara zake habari za mnyama aliyeitwa « soko », akamdhania kuwa gorila. Wataalamu wa baadaye waliona kwamba maelezo yake yanamfaa zaidi yule mwingine. Kwa hiyo anayetuma picha kutoka Kahuzi-Biega, ambako wote wawili wanaishi, afadhali aandike « gorila » waziwazi akiwa na uhakika. Asipokuwa na uhakika, aandike kile alichokiona: ukubwa, rangi, mahali alipokuwa mnyama, juu ya mti au chini. Kusema kidogo kwa usahihi kunamsaidia mtazamaji kuliko jina la kubahatisha.

Samaki nao wanafundisha. Yule mdogo wa fedha anayevuliwa usiku kwa taa katika Ziwa Kivu huitwa sambaza. Hakuwa wa ziwa hilo: aliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na huko Tanganyika ana majina mengine. Picha ya kikapu cha sambaza ikiandikwa jina la mahali husika inabeba historia hiyo yote. Ikiandikwa « samaki » tu, inabaki kikapu.

Wakati

Swali la pili ni: lini? Hapa mambo yanaweza kugusa uhai wa watu. Volkano ya Nyiragongo ilitoa lava mwaka 1977, tena tarehe 17 Januari 2002, tena tarehe 22 Mei 2021. Mwaka 2002 lava iliingia katikati ya mji wa Goma na kufika ziwani. Mwaka 2021 ilisimama pembezoni mwa mji, lakini siku chache baadaye wakazi wa mitaa mingi waliamriwa kuondoka kwa hofu ya mlipuko mwingine. Sasa fikiria mama aliyeko Kisangani, mwenye watoto wanaosoma Goma, akipokea usiku ule picha ya lava katikati ya barabara ya mji bila tarehe. Picha ni ya kweli. Lava ni ya kweli. Lakini ikiwa ni ya 2002, imemwambia uongo.

Wengi hudhani kwamba simu inatunza tarehe kwa niaba yetu. Inatunza, lakini si mbali sana. Kamera ya simu huandika ndani ya faili siku na saa ya kupiga picha. Picha ikitumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, inapunguzwa ukubwa na habari hizo hupotea. Jina la faili linalobaki katika simu nyingi, kama IMG-20210523-WA0004, linaonyesha siku picha ilipohifadhiwa katika simu hiyo, wala si siku ilipopigwa. Picha ya miaka 20 iliyopita, ikipokelewa leo, itapata jina la leo. Kwa hiyo tarehe iliyo imara ni ile tunayoiandika wenyewe kwa maneno: « Nyiragongo ikionekana kutoka Goma, Agosti 2019, asubuhi ».

Hali

Swali la tatu mara nyingi husahauliwa: picha hii ilipatikanaje? Mwezi Aprili 2019 picha moja kutoka mbuga ya Virunga ilizunguka dunia. Inamwonyesha mlinzi wa mbuga akijipiga picha, na nyuma yake gorila wawili wamesimama wima kama watu. Walioiona peke yake waliweza kuamini kwamba gorila wa msituni hukubali kupigwa picha hivyo. Hao wawili, Ndakasi na Ndeze, walikuwa yatima walioletwa wakiwa wachanga mwaka 2007 na kulelewa na watu katika kituo cha Senkwekwe, Rumangabo. Ndiyo maana walimzoea mlinzi na kuiga kusimama kwake. Uongozi wa mbuga ulilazimika kueleza kwamba hali hiyo ilikuwa ya pekee na kwamba haifai kumkaribia gorila porini. Magonjwa ya binadamu, hata mafua ya kawaida, yanaweza kumwua. Neno « yatima » lingetosha chini ya picha ile kumpa mtazamaji njia ya kuielewa.

Kanuni hiyo inawahusu pia watu tunaowapiga picha. Tukishuka ufukweni na kumwona mama anaanika sambaza, kwanza tunamsalimu na kumwomba. Akikataa, picha haipo. Akikubali, tunaandika kazi yake kama yeye anavyoiita. « Mama akianika samaki kwa ajili ya soko la kesho » ni maelezo. « Maisha magumu ya Kivu » ni hukumu tuliyompachika mtu ambaye hakutuambia kwamba maisha yake ni magumu.

Mahali, na wakati wa kunyamaza

Swali la nne, wapi, lina pande mbili. Kwa mandhari, tutaje mahali kikamilifu. Maporomoko ya Lofoi, katika mbuga ya Kundelungu, yanaanguka zaidi ya mita 300, na Wakongo wengi hawajawahi kuyaona. Picha yake yenye jina, mto na jimbo ni somo la jiografia. Ikiitwa « uzuri wa Afrika », inaweza kuwa popote.

Kwa wanyama wanaowindwa, mambo yanageuka. Kasuku wa kijivu amekamatwa kwa wingi hivi kwamba mwaka 2016, katika mkutano wa Johannesburg wa nchi za mkataba wa CITES, iliamuliwa biashara ya kimataifa ya kasuku wa porini ipigwe marufuku. Anayetuma picha ya tundu la kasuku na kuutaja mti, kijiji na njia, amemchorea mtegaji ramani. Simu nayo inaweza kusema bila kuulizwa: ruhusa ya kuonyesha mahali ikiwa wazi, kamera huandika vipimo vya mahali ndani ya faili, na picha ikitumwa kama hati, vipimo hivyo huenda nayo. Jukwaa la iNaturalist, ambako watu wasio wataalamu huweka picha za viumbe walivyowaona, huficha mahali halisi pa spishi zilizo hatarini. Tufanye vivyo hivyo: tufunge ruhusa hiyo kabla ya kuingia msituni, na tuandike jina la jimbo au la mbuga tu. Mwandishi anayejua kueleza ajue pia ni kipi asikieleze.

Kwa hiyo, kabla ya kubonyeza « tuma », tujiulize manne: ni nini, lini, kwa hali gani, wapi na kwa kiasi gani. Sentensi mbili zinatosha. Kule Tervuren, sentensi moja yenye kosa iliwaficha ndege wawili kwa miaka, na aliyewafichua ni mtu aliyekuwa ametunza unyoya mmoja pamoja na kumbukumbu ya mahali alipoupata.