Mtoto mmoja, binamu tele

Anayetafuta nyumba ya kupanga Gisimenti huulizwa swali kabla hajaonyeshwa jiko: "Mna watoto wangapi?" Akijibu "mmoja", uso wa mwenye nyumba hulainika. Mtoto mmoja hachori ukuta mzima, na nguo zake chache haziwezi kupandisha bili ya maji ya ua wenye wapangaji watatu. Mpangaji huyohuyo akienda kuwasalimu wakwe kijijini, jibu lilelile humletea kimya kidogo, kisha swali la pili: "Kwani kuna tatizo?"

Gisimenti ni kipande cha Remera, wilaya ya Gasabo, karibu na Uwanja wa Amahoro na BK Arena. Wageni wanaijua kwa burusheti za mbuzi, samaki wa kuchoma na mtaa unaofungwa magari mwisho wa wiki ili watu wakae nje hadi usiku. Wakazi wanaijua kwa mambo mengine: kodi inayopanda, nyumba ndogo za nyuma ya nyumba kubwa, lango moja la chuma linalotumiwa na familia kadhaa. Sensa ya 2022 iliwakuta watu 1,745,555 katika Jiji la Kigali, na nchi nzima ilikuwa na wastani wa watu 503 kwa kila kilomita ya mraba. Katika ua wa namna hii, mtoto wa pili ni mtu wa kupangiwa mahali pa kulala hata kabla hajatungwa mimba.

Tusitie chumvi. Mtoto mmoja si wastani wa Rwanda, wala wa Kigali. Lakini mteremko wa uzazi nchini ni mkali. Utafiti wa uzazi wa 1983, miaka miwili baada ya serikali kuanzisha ofisi ya idadi ya watu, ONAPO, ulionyesha kwamba mwanamke wa Rwanda angezaa kwa wastani watoto 8.5 katika maisha yake. Mwaka 2005 wastani ulikuwa 6.1. Katika utafiti wa 2019-20 ulikuwa umeshuka hadi 4.1. Mwaka 2007 viongozi walifikia hata kujadili hadharani wazo la kuziwekea familia kikomo cha watoto watatu. Bibi aliyezaa wanane, binti yake akazaa wanne, mjukuu wake sasa anakaa ghorofani Remera na mtoto mmoja wa miaka saba, akisema "tutaona". Vizazi vitatu, na wote bado wako hai kuulizana maswali.

Kwa Kinyarwanda mtoto huyo huitwa ikinege, na kwa wazee jina hilo lina huruma ndani yake. Kule shambani mtoto wa pekee alikuwa mkono mmoja wa kulima, mtu mmoja wa kuchunga, na ugonjwa mmoja tu ungetosha kulifunga boma. Shangazi anayesema "kidole kimoja hakivunji chawa" kwenye harusi ya mpwa wake hana nia ya kumuudhi bi harusi. Anasema alichokiona. Yeye alikulia mahali ambapo watoto walikuwa bima, pensheni na nguvu kazi kwa pamoja.

Mzazi wa Gisimenti anapiga hesabu nyingine, na mstari wa kwanza katika hesabu hiyo ni shule. Tangu Septemba 2022 mchango wa mzazi katika shule za umma umewekewa kiwango: faranga 975 kwa muhula katika shule ya awali na ya msingi, faranga 19,500 kwa sekondari ya kutwa na 85,000 kwa bweni. Viwango hivyo vinabebeka. Ila wengi wa wazazi hawa wanataka shule binafsi yenye Kiingereza na Kifaransa tangu chekechea, na basi la kumchukua mtoto mlangoni, na huko ada ni habari nyingine kabisa. Kwa mmoja inawezekana. Kwa watatu lazima mmoja wa wazazi apate kazi ya pili, au wote watatu warudi shule ya mtaani. Mituweli nayo, bima ya afya ya jamii, kwa miaka mingi imelipwa kwa kichwa, na kaya nyingi zilitoa faranga 3,000 kwa kila mtu kwa mwaka. Hakuna punguzo la jumla kwa wenye wengi.

Halafu kuna ardhi. Sheria ya urithi ya 1999 ilimpa binti haki sawa na mwana, jambo la haki lililochelewa, na kwa hiyo wagawanaji wakaongezeka. Sheria ya ardhi ya 2013, iliyotumika hadi 2021, ikakataza kukatakata shamba hadi liwe chini ya hekta moja, katika nchi ambayo familia nyingi hazina hata hiyo hekta moja. Ndugu watano waliorithi shamba dogo huishia ama kulima pamoja kwa manung'uniko, ama kuuza, ama kwa wapatanishi, abunzi. Mtoto wa pekee hana kesi hiyo. Anarithi yote, na hakuna anayemchungulia mpakani, isipokuwa baba zake wadogo.

Faida hizi wazazi hawazitangazi sana, ila zinaonekana. Mtoto wa pekee husomewa hadithi jioni kwa sababu hakuna mdogo wake anayelia chumba cha pili. Huzungumza na watu wazima kama mtu mzima mwenzao: jioni anaweza kumweleza mgeni njia ya basi la kwenda Nyabugogo, au kwa nini mama yake hapendi sukari kwenye chai. Hasara yake iko papo hapo. Hana mtu wa kugombana naye kwa haki sawa. Ugomvi wake na mama ana uhakika wa kushindwa, na ugomvi wake na mtoto wa jirani unaweza kumpotezea rafiki. Mwenye ndugu hujifunza mapema kwamba mtu anaweza kukupiga asubuhi na bado mkala sahani moja mchana.

Wasiwasi juu ya tabia zao ni wa zamani. Mwaka 1896 Mmarekani E. W. Bohannon wa Chuo Kikuu cha Clark, akitegemea madodoso, aliwachora watoto wa pekee kuwa wenye kudeka na wasiojua kuchangamana, na mkubwa wake G. Stanley Hall akalitia nguvu wazo hilo hadi likawa kama hekima ya kawaida. Mwaka 1986 Toni Falbo na Denise Polit walikusanya tafiti 115 na hawakuuona ubinafsi huo. Watoto wa pekee walikuwa kama wengine kwa kuchangamana, na mbele kidogo katika masomo na hamu ya kufaulu. Utafiti mwingine uliochapishwa katika jarida la Science mwaka 2013 uliwapima watu 421 wa Beijing waliozaliwa kabla na baada ya China kuanzisha sera ya mtoto mmoja, na ukawakuta waliozaliwa baada ya sera hiyo wakiwa waoga zaidi wa kujihatarisha na wagumu zaidi kuamini watu. Tofauti ya mazingira si ndogo: mtoto wa tafiti zile 115 alikuwa pekee kati ya wenye ndugu, yule wa Beijing alikuwa pekee katika mtaa wa watoto wa pekee watupu.

Hapo ndipo Kigali inapaswa kujitazama.

Kwa sasa mtoto mmoja wa Gisimenti hayuko mpweke kama anavyodhaniwa. Kwa Wanyarwanda, kaka wa baba ni baba na dada wa mama ni mama, na watoto wao ni kaka na dada kwake, si watu wa pembeni. Katika likizo ndefu ya Julai na Agosti mtoto huyo hupelekwa Huye au Musanze na kulala watano kitanda kimoja. Siku ya gusaba no gukwa, sherehe ya kuomba mke na kutoa mahari, bi harusi wa pekee hutoka amezungukwa na wasichana sita wenye vikapu, na mgeni asiyejua hawezi kusema nani alizaliwa na nani. Wajomba wanabishana kwa mafumbo kuhusu ng'ombe, na wazee wanacheka. Kama ni upweke, umevaa mushanana, vazi la sherehe, na kupendeza.

Lakini binamu hao wametoka wapi? Wametoka kwa bibi wa 1983, yule wa watoto 8.5. Kizazi hiki cha kwanza cha watoto wa pekee kinaishi kwa akiba ya mabibi zao. Mama mwenye ndugu watano na baba mwenye ndugu wanne wakizaa mmoja, mtoto wao ana shangazi, wajomba, mama wadogo na baba wakubwa tisa. Mtoto huyo akioana na wa pekee mwenzake, mtoto wao atakuwa na sifuri. Hana shangazi, hana mjomba, hana binamu wa kwanza hata mmoja. Wachina wanaijua hesabu hii kwa namba 4-2-1: babu na bibi wanne, wazazi wawili, mtoto mmoja wa kuwabeba wote. Ndiyo maana kuanzia Januari 2016 waliruhusu watoto wawili.

Uzito wa kubeba peke yako haujitokezi utotoni. Unajitokeza wodini. Katika hospitali nyingi za Rwanda mgonjwa aliyelazwa anahitaji umurwaza, mtu wake wa kukaa naye: kumletea uji kwenye chupa ya chai, kumgeuza, kufua shuka, kukimbilia dawa ambayo haipo dirishani. Wenye ndugu hupanga zamu kwenye kundi la WhatsApp. Dada wa Kampala hatumi mwili wake lakini anatuma pesa. Mtoto wa pekee anapanga zamu na nafsi yake. Sheria ya kazi ya 2018 inampa likizo ya mwaka ya siku 18 za kazi, na kiharusi cha baba kinaweza kuzimaliza zote kabla mgonjwa hajaanza kushika kijiko. Anaweza kuajiri msaidizi, na wengi huajiri. Ila daktari akiuliza "tufanye upasuaji au tusifanye?", msaidizi hawezi kujibu.

Gisimenti ina ushahidi wake wa kile ambacho ndugu hufanya. Hoteli ya Chez Lando, ambayo jina lake limekuwa alama ya kumwelekeza dereva wa pikipiki, ilikuwa ya Landoald Ndasingwa, waziri wa kazi na masuala ya jamii. Tarehe 7 Aprili 1994, mauaji ya kimbari yalipoanza, aliuawa pamoja na mkewe Hélène Pinsky, watoto wao Malaika na Patrick, na mama yake. Aliyerudi na kuifufua hoteli ni dada yake, Anne-Marie Kantengwa, naye akiwa amefiwa. Mdogo wao Louise Mushikiwabo, ambaye alikuwa Marekani wakati huo, aliandika kitabu juu ya familia yao, na baadaye akawa waziri wa mambo ya nje. Mmoja alibaki na kazi ya mikono, mwingine na kazi ya kumbukumbu. Ingekuwa kazi ya mtu mmoja, pengine moja ingekufa.

Na wako waliobaki mmoja kweli. Mwanamuziki Corneille, aliyekulia Kigali, alikuwa na miaka 17 wazazi na wadogo zake walipouawa. Alitoroka, akafika Ujerumani kwa marafiki wa wazazi wake, kisha Kanada. Hakuzaliwa mtoto wa pekee. Alifanywa. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yaliiachia Rwanda maelfu ya watu wa hali hiyo, na upande wa pili incike, wazazi wazee waliopoteza watoto wote, ambao baadhi yao leo wanatunzwa katika nyumba za Impinganzima. Si haki kuwalinganisha na mtoto ambaye wazazi wake waliamua kuishia kwa mmoja kwa sababu ya ada. Majeraha hayafanani. Lakini maswali ya vitendo yanafanana mno: nani atasimama upande wangu kwenye gukwa, nani atakuwa umurwaza wangu, nani atakumbuka jinsi baba alivyokuwa akikohoa kabla ya kuanza hotuba.

Jibu lililotengenezwa Butare linastahili kutazamwa upya. Mwaka 1996 wanafunzi 12 wa Chuo Kikuu cha Taifa walianzisha AERG, chama cha wanafunzi walionusurika, na ndani yake wakaunda familia. Wanafunzi walichaguana: huyu baba, huyu mama, hawa watoto. Baba angeweza kuwa wa mwaka wa tatu na mtoto wake wa mwaka wa pili, wakitofautiana miezi michache. Lakini alitakiwa kujua nani hajala, nani amefeli, nani hatoki chumbani mwezi wa Aprili. Siku ya harusi, familia hiyo ilikaa kwenye viti vya mbele na kuulizwa maswali ya mahari kama familia nyingine yoyote. Waliohitimu wakaunda GAERG mwaka 2003, na udugu ukaendelea nje ya chuo.

Wazazi wa mtoto mmoja wa Gisimenti wanafanya kitu cha karibu na hicho, japo hawajakipa jina. Majirani wa ua mmoja huachiana watoto Jumamosi ya umuganda, kazi ya pamoja ya jamii, na wa darasa moja hulala kwa zamu majumbani mwao. Wazazi wengine huweka Ejo Heza, akiba ya uzeeni iliyoanzishwa mwishoni mwa 2018, wakisema wazi kwamba hawataki kumfanya mtoto awe pensheni yao. Wengine hubadili mawazo mtoto anapofika darasa la pili, wakapata wa pili aliyepishana naye miaka minane, jambo ambalo kwa hesabu za ada si baya hata kidogo. Na wale waliokuwa "watoto" wa AERG mwishoni mwa miaka ya 1990 sasa ni wazazi wa vijana, na vijana hao wanaita shangazi na mjomba watu ambao baba na mama yao walikutana nao bwenini.