Harusi Iliyotunyima Uhondo

Ushawahi kumaliza vitabu 7 mfululizo, kisha cha 8 kikakuacha na njaa? Mwaka 2006 Julia Quinn wa Marekani alifunga simulizi za ndugu 8 wa familia ya Bridgerton, Uingereza ya karne ya 19, kwa On the Way to the Wedding. Mwaka 2007 kikapata tuzo ya RITA. Lakini kwa kweli, mimi sikushiba.

Mwanzo ni mtamu. Gregory anamwona Hermione kwa nyuma, shingo tu, anamzimia! Lucy, shoga wa Hermione, anampa mbinu za kumpata. Kumbe katika kupiga stori, penzi la kweli linaota kwa hao wawili. Hapo patamu!

Halafu? Ami yake Lucy anamlazimisha kuolewa kwingine kwa vitisho. Lucy anakaa kimya, na kanisani anamkubali bwana mwingine Gregory akishuhudia. Mwishowe mambo yanamalizwa kwa bastola na haraka haraka, wakati wawili hawa walipendana kwa kuongea.

Basi mwenzio akikuuliza una nini, usimjibu "hamna kitu". Mwambie.