Bao Limeingia Lini? Simu, Runinga na Pesa Yako Siku ya Mechi

Jumamosi moja jioni kijana wa Bondeni alitupigia simu akiwa amewaka. Mechi ya Uingereza ilikuwa dakika ya 85, bado sare, na timu moja ilikuwa imewafungia wenzao kwenye boksi. Akatuma shilingi 500 kwa Paybill ya kampuni ya kubeti, ujumbe wa uthibitisho ukaingia, akachagua timu yake, akabonyeza. Beti ikakataa. Sekunde chache baadaye akaona bao kwenye skrini ya ukumbi.

"Sasa madam, pesa mmekata na beti haikuingia. Mmenichelewesha."

"Kaka," mwenzetu akamjibu, "bao uliloliona lilikuwa limeshaingia kitambo."

Hakuridhika, na hatumlaumu. Simu za aina hii hutufikia kila wikendi ligi ikiwa moto, na nyingi zinatoka kwa watu wanaojua mpira kuliko sisi. Wanachokosa kujua ni jinsi runinga na simu zinavyopishana. Siku hizi mechi haitazamwi tu, inachezwa pia: wengine wanabeti katikati ya mchezo, wengine wana timu zao za Fantasy Premier League wakihesabu pointi huku wakitazama. Pesa inapoingia hapo, sekunde zina bei.

Ukiishi Bondeni unajua jambo hili bila kufundishwa. Uko kwako unatazama mechi kwa simu, mpira uko katikati ya uwanja, mara unasikia kelele kutoka kwa jirani mwenye dekoda. Unajua bao linakuja, ila hujui tu ni nani atafunga. Jirani naye si wa kwanza. Picha hutoka kwenye kamera uwanjani, ikapita kwa mitambo ya watangazaji, ikarushwa hadi kwenye setilaiti, ikashuka, ikafungwa upya, ikarushwa tena, ndipo dekoda ikaifungua. Safari hiyo huchukua sekunde kadhaa. Kwa intaneti ni mbaya zaidi, kwa sababu video hukatwa vipande vipande na simu hujiwekea akiba ya vipande kabla ya kukuonyesha, ili isikwamekwame bando likilegea. Unaweza kuwa nyuma ya mchezo halisi kwa nusu dakika au zaidi. Ukitaka mpira usiochelewa hata kidogo, nenda Afraha siku ya mechi ukae jukwaani.

Kampuni za kubeti hazitegemei dekoda. Kwenye mechi kubwa kuna watu waliotumwa uwanjani, kazi yao ni kubonyeza kila tukio linapotokea: kona, kadi, penalti, bao. Taarifa hiyo ni ndogo, haina picha, kwa hiyo inafika kabla ya video. Shambulizi likiwa la hatari, mfumo unaweza kufunga beti zote za mechi hiyo. Hata pakiwa shwari, beti ya katikati ya mchezo haikubaliwi papo hapo. Hushikiliwa kwa sekunde chache, na kukitokea kitu ndani ya sekunde hizo, inakataliwa au unaletewa odds mpya. Wana sababu: bila hivyo, mtu aliyekaa uwanjani Uingereza akiwa na simu angewamaliza. Lakini kinga hiyo ni yao, si yako. Kwa hiyo ule uhakika wa dakika ya 85, ule wa "hapa lazima waingize moja", ni uhakika wa jambo ambalo mwenzako upande wa pili tayari ameshajua limeishaje. Beti yako ikikubaliwa haraka wakati unaona shambulizi kali, jiulize kwa nini. Mara nyingi ni kwa sababu mpira ulishatolewa nje.

Waliobuni michezo ya kuchezwa pamoja na runinga waliliona tatizo hili mapema. Huko Marekani miaka ya 1980 kulikuwa na mchezo wa kwenye baa ulioitwa QB1. Wateja walitazama mpira wa Kimarekani kwenye runinga huku wakibonyeza vidude kukisia timu itafanya nini mchezo unaofuata. Ili usiwe wizi, majibu yalifungwa kabla mpira haujaanzishwa. Ukichelewa, umechelewa. Kanuni ni hiyo hiyo hadi leo: mchezo wa haki hufunga mlango kabla ya tukio, kwa wote, kwa saa moja inayojulikana.

Turudi kwa kijana wetu na 500 zake. Kulikuwa na mambo mawili tofauti ambayo yeye aliyaona kama moja. La kwanza ni kutuma pesa, na hilo lilifaulu: pesa ilitoka kwetu ikaingia kwenye akaunti yake ya kubeti. La pili ni kuweka beti, na hilo ndilo lililokataa, ndani ya mfumo ambao si wetu. Kwa hiyo pesa haikupotea, ilikuwa imelala kwenye akaunti yake kule. Ndiyo maana hatukuweza kumrejeshea kama tunavyofanya mtu akikosea namba ya rafiki. Muamala haukuwa na kosa: ulifika ulikotumwa na kwa jina lake.

Angeweza kuitoa, lakini si yote. Tangu Julai 2025, kwa Sheria ya Fedha ya mwaka huo, ushuru wa bidhaa wa asilimia 5 hukatwa kwenye pesa unayoweka katika akaunti ya kubeti, na kodi nyingine ya asilimia 5 hukatwa kwenye unachotoa. Piga hesabu. Weka 500, ushuru 25, zinabaki 475. Zitoe hizo 475 bila kucheza hata mara moja, inakatwa 23.75, unapata 451.25, na hapo hatujataja ada za kutuma na kutoa. Karibu shilingi 50 zimeenda na hujabeti. Wengi hudhani kodi ni ya washindi peke yao, ndipo wanapiga simu wakidhani sisi ndio tumekata.

Aliuliza pia kama hiyo 500 ilikuwa yake. Kwa kweli haikuwa yake. Salio lake lilikuwa 120, zilizobaki alifuliza. Hatuwezi kumwambia mtu mzima afanyie nini pesa zake, ila hii tunaisema wazi kwa sababu sisi ndio tunaotoza: mkopo wa dharura una ada kila siku usipolipwa, na pesa yoyote itakayoingia kwenye laini yako, iwe mshahara au pesa ya chakula kutoka kwa mama, italipa deni hilo kwanza kabla hujaigusa.

Kuhusu ile mpira ya kompyuta inayoonyeshwa kwenye maduka ya kubeti, yenye wachezaji wa katuni na mechi kila dakika chache, tutasema neno moja tu. Ile si mechi. Matokeo huchaguliwa na programu ya kubahatisha, na picha huchorwa kuyafuata. Ujuzi wako wa mpira hausaidii kitu.

Sasa tuje kwa mchezo ambao tunaupenda wenyewe, na ambao pesa zake hutuletea kesi ngumu kuliko za beti. Fantasy Premier League ilianza msimu wa 2002/03 na kujiunga ni bure. Unapewa bajeti ya pauni milioni 100 za mchezo, unanunua wachezaji 15, wasiozidi watatu kutoka klabu moja, unachagua 11 wa kuanza na kaptena ambaye pointi zake huzidishwa mara mbili. Mlango hufungwa dakika 90 kabla ya mechi ya kwanza ya wiki hiyo, kabla vikosi havijatangazwa rasmi. Hapo aliye London na aliye Flamingo wako sawa. Kumbuka tu kwamba Uingereza hurudisha saa nyuma mwishoni mwa Oktoba. Mechi ya mapema ya Jumamosi iliyokuwa saa 8 na nusu mchana kwetu inakuwa saa 9 na nusu, na dedilaini inatoka saa 7 kwenda saa 8. Mwisho wa Machi inarudi.

Mchezo wenyewe ni bure, lakini watu hawachezi bure. Marafiki wa mtaa mmoja huunda ligi yao, kila mmoja anatoa kitu, mshindi wa msimu anabeba na pengine kuna kidogo cha mshindi wa wiki. Tuseme watu 20, kila mtu 1,000. Elfu ishirini zinaingia kwenye simu ya admini mwezi wa nane, na zinatakiwa kutoka mwezi wa tano. Miezi tisa. Ndani ya miezi hiyo kuna Disemba, kuna karo ya Januari, kuna mtoto kuugua. Ligi nyingi hazivunjwi na mwizi, zinavunjwa na mtu mwema aliyesema "nitarudisha mwisho wa mwezi".

Na wakati mwingine hata hajagusa. Tumeona admini anayeapa hajatumia hata senti, na ni kweli. Alikuwa amefuliza wiki moja kabla, watu wakaanza kutuma za ligi, na michango ya wanne wa kwanza ikamezwa na deni lake kabla hajasoma ujumbe. Kwa hiyo kabla ya kumchagua mweka hazina, muulizeni swali hilo bila aibu: laini yako ina deni? Ikiwa ina, mtafute mwingine, au alipe kwanza. Bora zaidi, pesa isikae kwenye laini ya matumizi ya kila siku ya mtu yeyote. Ikiwa mna chama chenye akaunti inayotaka sahihi mbili, wekeni huko. Ikiwa hamna, iingie siku hiyo hiyo kwenye akiba ya kufungwa hadi Mei, na mweka hazina atume taarifa ya akaunti kwenye grupu kila mwezi. Taarifa ya akaunti, si skrinishoti ya ujumbe. Ujumbe wa uthibitisho huandikwa na mtu yeyote mwenye kidole, na kila mwaka kuna mchezaji "aliyelipa" kwa ujumbe wa kubuni. Admini asome salio lake, atafute namba ya muamala kwenye rekodi zake mwenyewe, ndipo aweke tiki.

Halafu kuna haraka ya Jumapili usiku. Programu huonyesha pointi zikipanda mechi ikiendelea, na ndiyo raha yenyewe: beki wako hajafungwa, una pointi nne za ulinzi, dakika ya 88 mtu anapiga kichwa, zimekwenda. Lakini zile za moja kwa moja si za mwisho. Pointi za bonasi, moja hadi tatu kwa waliocheza vizuri zaidi, hubadilika hadi filimbi ya mwisho na baada yake. Pasi ya bao inaweza kupewa mtu mwingine baada ya kukaguliwa. Na wachezaji wa akiba huingizwa kwa niaba ya wasiocheza pale tu wiki nzima ya mechi inapokamilika, ambayo mara nyingi ni Jumatatu usiku, wakati kwingine katikati ya wiki.

Admini mmoja alimtumia mshindi wa wiki 500 zake Jumapili saa 4 usiku, grupu zima likishangilia. Jumanne asubuhi beki aliyekuwa amekaa akiba kwa mchezaji mwingine akahesabiwa, na kwa pointi mbili mshindi akawa huyo mwingine. Admini akatuomba turudishe muamala. Tukamuuliza mpokeaji kama kawaida, na mpokeaji alikuwa ameshatoa kwa ajenti na kununua nyama. Tukikuta salio halipo hatuna cha kushika. Admini alilipa mara mbili, ya pili kutoka mfukoni. Sasa ligi yao ina kanuni: zawadi ya wiki hutumwa siku moja baada ya programu kuandika kwamba pointi zimekamilika.

Kubalianeni pia mapema nani anabeba ada ya kutuma. Inaonekana ndogo, lakini ukilipa washindi wa wiki 38 ada hizo zinakula sehemu ya kapu, na mshindi wa msimu akipata pungufu ya alichoahidiwa atauliza. Wengine hulipa washindi wa wiki mara moja kwa mwezi ili kupunguza.

Wenye chini ya miaka 18 hawaruhusiwi kubeti kisheria, hata kwa laini ya mzazi. Ligi ya bure ya Fantasy watoto wanaweza kucheza wapendavyo, na mara nyingi wanatushinda.

Kijana wetu wa Bondeni alitoa zake kesho yake. Alitupigia tena, mara hii akiwa mtulivu, akitaka kujua kama tunaweza kumsaidia kufunga akiba ya ligi ya watu 14 hadi mwezi wa tano. Tulimwambia inawezekana, alipe deni la laini kwanza.